Pikipiki Mpya Ipande Mlima au Ipande Fuso?

Pikipiki inayonunuliwa Arusha kwa kazi ya Wasso ina zaidi ya kilometa 300 za kusafiri kabla haijabeba abiria hata mmoja. Lami inaisindikiza kupita Makuyuni hadi Mto wa Mbu. Hapo njia inageuka kaskazini: Selela, Engaruka, vumbi chini ya Ol Doinyo Lengai, joto la Ngaresero kando ya Ziwa Natron penye kimo cha mita 600 hivi, kisha ukuta wa Bonde la Ufa unaopandwa kwa kona kali hadi nyanda za Sale, na mwisho Wasso yenyewe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wapo wanaoipanda dukani na kuitia njiani siku hiyo hiyo. Wapo wanaoipakia kwenye lori la Fuso ikiwa bado ndani ya kreti, wakalipa nauli ya mzigo na kwenda kuifunga Wasso.

Ubishi wa nani kati yao ana akili si wa kupitisha muda, kwa sababu katika kilometa hizo 300 za mwanzo injini inakuwa bado inamalizia kutengenezwa. Kiwanda hakimalizi kazi. Sehemu ya mwisho humwachia mnunuzi. Nimeupanga ubishi huo hapa kwa sauti tano za kijiweni, kila mmoja namwita kwa kazi yake, na penye haja ya kuingilia nitaingilia.

DEREVA: Naanza mimi, maana mwenye kuipanda ni mimi. Pikipiki ya leo si ya zamani. Boxer na TVS zinatoka India, Haojue inatoka China, na kote huko vyuma vinakatwa na mashine za kompyuta. Kabla haijatoka kiwandani imeshawashwa, imepimwa breki, taa na honi. Sasa kitu kilichopimwa hivyo kiogope mlima wa Ngaresero kwa nini? Nikiipakia Fuso natupa nauli. Nikiipanda, nafika nayo, naingia kijiweni, naanza kazi.

MAMA MWENYE PIKIPIKI: Ero, kijana wangu, hapo kwenye "naanza kazi" ndipo panaponitia hofu. Pesa ni yangu mimi, nyingine ya kikoba na nyingine ya mbuzi. Tunaziona hapa Wasso pikipiki ambazo hazijamaliza mwaka na tayari zinafuka moshi wa buluu, kila wiki zinaongezwa oili. Mwenyewe akiuliza, anaambiwa Mchina katengeneza vibaya. Nataka kujua ni Mchina kweli, au ni sisi.

FUNDI: Mara nyingi ni sisi, mama. Ila si kwa namna ambayo watu wanadhani. Mtu akinunua mpya anaambiwa aiwashe iungurume kwa sailensa, yaani imesimama bila kuvutwa, saa nzima, asubuhi na jioni, siku tatu, ndipo aipande. Anaona ameitunza. Kumbe hapo ndipo anapoiharibu.

MZEE: Fundi, usinivunjie heshima. Mimi nimeendesha Yamaha za mifugo na Honda za misheni kabla hujazaliwa. Tulikuwa tunakwenda polepole, spidi thelathini, arobaini, wiki nzima. Na zilidumu.

FUNDI: Zilidumu, mzee wangu, sikatai. Nitakurudia. Kwanza mwalimu atuambie kilichomo ndani ya silinda, maana tunabishania kitu ambacho wengi wetu hatujakiona.

MWALIMU WA UFUNDI: Haya. Boksi la injini ni aluminiamu iliyoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya chombo cha chuma, ikaganda kwa muda mfupi tu, halafu mashine zikatoboa na kusawazisha kila tundu. Hapo kiwanda ni hodari kuliko mkono wa mtu yeyote. Silinda yenyewe kwenye pikipiki nyingi za kazi ina ganda la chuma cha kusubu, ndani yake pistoni inapanda na kushuka. Nafasi kati ya pistoni na ukuta ni ndogo kuliko unene wa unywele. Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawaliamini: ukuta huo hauachwi laini. Ukishachongwa, wanaingiza mawe ya kunolea yanayozunguka huku yanapanda na kushuka, yanaacha mikwaruzo inayopishana kama ukili uliosukwa. Mikwaruzo hiyo wanaitaka. Mabonde yake yanashika oili. Vilele vyake ni vya kusagwa.

DEREVA: Kusagwa na nini?

MWALIMU: Na ringi. Pistoni ina ringi tatu: mbili za juu za kuzuia mgandamizo, ya tatu ya kukwangua oili. Ringi mpya na ukuta mpya havijafahamiana. Vinagusana hapa, havigusani pale. Vikisuguana ipasavyo, vilele vya mikwaruzo vinashuka, ringi inakaa sawasawa pande zote, na injini inaziba. Kazi hiyo haifanyiki kiwandani. Kiwandani injini nyingine huzungushwa kwa mota ya umeme tu ili kusikiliza kama kuna kasoro, nyingine huwashwa kidogo. Halafu pikipiki nzima inapandishwa kwenye magurudumu ya chuma, inapigwa gia zote, inapimwa breki, inashushwa. Ni dakika chache. Honda walianza kuunda Super Cub mwaka 1958, na kufikia 2017 walikuwa wametoa milioni 100. Huwezi kufika idadi hiyo ukiwa unaitembeza kila moja kilometa 500 kabla ya kuiuza. Kwa hiyo kilometa 500 hizo umeuziwa wewe.

MAMA: Na hizi zinazofungwa hapa kwetu Afrika? Naambiwa Nairobi kuna kiwanda.

MWALIMU: Honda walifungua cha kwao Nairobi mwaka 2013, na wako wengine. Lakini mara nyingi injini hufika ikiwa imekwisha fungwa. Kinachounganishwa huku ni fremu, magurudumu, usukani, nyaya. Kwa hiyo kwenye jambo la ringi, ya Nairobi na ya kreti la Arusha ni sawa.

FUNDI: Nami niongeze hapo kwenye kreti, maana hilo nalijua kwa mikono. Pikipiki inakuja gurudumu la mbele limetolewa, usukani umelazwa, betri haijaunganishwa. Anayeifunga dukani ana nyingine zinamsubiri. Anakaza nati za kuonekana. Mimi pikipiki mpya ikija kwangu, kitu cha kwanza napapasa mpira unaotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye kabureta. Kibanio chake kikiwa kimelegea, vumbi la Engaruka linaingia moja kwa moja kwenye silinda bila kupita kwenye filta. Hapo hata uiendeshe kwa adabu gani, ringi zitaliwa na mchanga kabla ya kukaa.

Naomba msomaji asiipite kauli hiyo ya fundi haraka. Wabishi wa mambo ya spidi hawalitaji vumbi, na kwenye njia ya Natron vumbi lina nguvu ya kuua injini kuliko spidi yoyote ambayo pikipiki ya cc 150 inaweza kufikia.

MAMA: Basi nieleze hilo la sailensa. Kwa nini ni vibaya kuiacha iungurume?

FUNDI: Ringi haisukumwi ukutani na chemchemi yake peke yake. Mafuta yakilipuka juu ya pistoni, mgandamizo unapita nyuma ya ringi na kuibana ukutani. Ukiiacha kwa sailensa, mlipuko ni dhaifu, ringi inateleza juu ya oili bila kukwaruza. Oili inabaki ukutani, inaungua kwa joto, inafanya ngozi ngumu inayong'aa. Mikwaruzo ile ya kiwandani inafunikwa. Ikishafunikwa, ringi haikai tena, na moshi wa buluu unaanza hapo. Dawa yake ni kufungua injini na kuisugua upya.

MWALIMU: Na Wasso ina ubaya wake wa ziada. Kwenye kimo cha mita 2,000 hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Dar es Salaam. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kumimina mafuta yaleyale. Kwa hiyo mafuta yanazidi hewa, plagi inakuwa nyeusi, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda. Sasa asubuhi ya hapa na baridi yake, mtu anavuta choki, anaiacha pikipiki mpya inaunguruma nusu saa huku anakunywa chai. Choki inaongeza petroli juu ya petroli. Ukitaka kuiua injini changa bila kuitembeza, sijui njia nyingine iliyo rahisi zaidi.

DEREVA: Umeona? Kwa hiyo mimi niko sahihi. Iendeshwe! Tena ipewe mlima, mgandamizo upande, ringi zikae.

FUNDI: Taratibu, mdogo wangu. Mgandamizo unatakiwa, joto la kupita kiasi halitakiwi. Injini hii inapozwa na upepo. Ukiwa unapanda kutoka Ngaresero, gia ya kwanza na ya pili, spidi ya mtu anayekimbia kwa miguu, nyuma umefunga gunia na tairi la akiba, upepo unautoa wapi? Msuguano wa vyuma vipya tayari unazalisha joto kuliko injini iliyozoea. Pistoni ya aluminiamu inatanuka kuliko ganda la chuma, ile nafasi ndogo kuliko unywele inakwisha, na injini inanoki palepale kwenye kona. Umbali wa kumrudia aliyekuuzia unaujua.

DEREVA: Nitapumzika njiani.

FUNDI: Ukipumzika ni vizuri. Lakini angalia na lami. Kutoka Arusha hadi Mto wa Mbu ni zaidi ya kilometa 100 za barabara nzuri. Utafanya nini hapo? Utakamata spidi moja, sabini, unashikilia saa nzima. Hilo nalo si zuri. Injini mpya inataka kubadilishiwa: uvute, uachie, uvute, uachie, upande gia, ushushe gia. Ukivuta, ringi zinabanwa ukutani. Ukiachia moto huku gia imeshika, kwenye mteremko, pistoni inanyonya oili kidogo kuja juu, inapoza na kuosha unga wa chuma.

MZEE: Hapo sasa ndipo mnapopotosha vijana! Mteremko, uachie moto na gia imeshika? Sisi tulikatazwa kabisa. Kila mteremko mrefu ulikuwa unavuta kidogo kidogo, au unakamata klachi. Nimeona mtu ameruka juu ya usukani kwa sababu gurudumu la nyuma lilisimama ghafla.

FUNDI: Na ulikatazwa kwa haki, mzee. Ile Yamaha ya mifugo ilikuwa unachanganya oili na petroli?

MZEE: Ndiyo. Inalia ngeng'eng'e, moshi mweupe nyuma.

FUNDI: Basi hiyo oili yake iliingia pamoja na petroli. Ukifunga moto kwenye mteremko, umefunga na oili. Pistoni inazunguka kavu, inajamu. Boxer au TVS ina oili yake chini, inarushwa na pampu, haitegemei petroli. Ulichofundishwa kilikuwa kweli kwa mashine ile. Kwa hii ni kinyume chake.

MZEE: (anatafakari) Na ile Honda ya misheni haikuwa ya kuchanganya. Lakini tuliiendesha vilevile kama Yamaha.

MWALIMU: Na mliiendesha vilevile kwa sababu ushauri ulikuwa wa zamani kuliko mashine zote mbili. Vijitabu vya pikipiki za Uingereza za miaka ya 1950, BSA na Triumph, vilitaka mwendo wa pole kwa maili elfu nzima, kwa kuwa uchongaji wa wakati ule uliacha vyuma vikali na oili ilikuwa duni. Vyuma vya leo vinatoka kiwandani vikiwa karibu zaidi na umbo lao la mwisho. Ndiyo maana kazi kubwa ya ringi inaisha mapema, pengine ndani ya hizo kilometa 300 za safari ya Arusha.

MAMA: Kwa hiyo kijitabu cha dukani, kile kinachosema usizidi spidi fulani mpaka kilometa elfu, tukitupe?

MWALIMU: Usikitupe. Aliyekiandika hamjui atakayeipanda. Anajua tu kwamba mpandaji mmoja kati ya wengi ataivuta mpaka mwisho siku ya kwanza, kwa hiyo anamwekea uzio. Uzio ni mzuri. Isipokuwa wengi wanausoma kama amri ya kwenda polepole kwa gia kubwa, na hapo injini inagugumia, inabeba mzigo bila nguvu. Afadhali ushushe gia, injini izunguke kwa wepesi, kuliko kuiburuza kwa gia ya nne kwenye kilima.

Hadi hapa unaona kwamba dereva ameshinda nusu na kushindwa nusu: iendeshwe, ndiyo, ila safari ya Natron ni mahali pabaya pa kuifundishia. Sikutarajia mtu wa kumalizia ubishi awe fundi na beseni lake, lakini kwangu mimi alichokisema hapa chini kina uzito kuliko hoja zote za spidi.

FUNDI: Mngekuwa mnabishana mbele yangu wakati namwaga oili ya kwanza, mngenyamaza. Chukua pikipiki iliyofika kilometa 500. Iwashe ipate moto, fungua nati ya chini, oili idondokee kwenye beseni jeupe, ulisogeze juani. Utaona oili inametameta rangi ya fedha. Chovya kidole, sugua kwa dole gumba: ni unga, laini kabisa, lakini ni chuma. Kipo cha ringi, kipo cha ukuta wa silinda, na kipo cha gia, kwa maana kwenye pikipiki hizi injini, gia na klachi vyote vinaogelea kwenye oili moja, tena ni lita moja tu na kidogo. Nyingi hazina filta ya karatasi kama ya gari. Zina wavu, na unga ule unapita kwenye wavu bila kukwama. Sasa mtu wa hesabu, anayempelekea mwenye chombo pesa kila siku, anafika elfu mbili, elfu tatu, na oili ileile ya kiwandani. Anasagia injini yake mwenyewe na mchanga wa chuma.

MWALIMU: Vijitabu karibu vyote vinataka oili ya kwanza imwagwe kati ya kilometa 500 na 1,000. Mimi kwa vumbi letu nasema 500, na nyingine tena 1,500. Na mama, ukinunua kopo, tafuta maandishi JASO MA. Ni kipimo cha Wajapani cha tangu 1998, kwa ajili ya pikipiki ambazo klachi inakaa ndani ya oili. Oili nyingine za magari zimetiwa dawa ya kuteleza. Ukiitia humo klachi inateleza, utadhani imekwisha.

FUNDI: Na siku hiyohiyo ya oili ndiyo nakaza spoku, nakaza cheni, nati za eksozi, napima nafasi ya valvu. Pikipiki ikishatikiswa kilometa 500 kila kitu kimejilaza mahali pake na kulegea.

MAMA: Sawa. Nimewaelewa. Ipande Fuso, ifungwe hapa, ukague ule mpira. Kisha huyu kijana aizoeshe wapi?

FUNDI: Lami ya Wasso kwenda Sale. Kilometa 49, ina vilima, ina miteremko, ina kona. Kwenda na kurudi mara tano ni kilometa 490. Asubuhi mara moja, injini ikapoa, jioni mara moja. Abiria mmoja mwepesi ruhusa, mshikaki hapana, magunia hapana. Vuta, achia, badilisha gia. Siku chache umemaliza, unakuja kwangu tunamwaga.

DEREVA: Fundi, umenena vizuri sana. Sasa mimi niulize swali langu, na yeyo, mama yangu, asikasirike. Hesabu inaanza lini?

MAMA: Hesabu ni kila siku, tuliandikiana.

DEREVA: Tuliandikiana elfu kumi kwa siku, kuanzia siku ya kukabidhiwa. Sasa nikiwa nazunguka Sale na abiria mmoja mwepesi, injini ikipoa mchana, elfu kumi naipata wapi? Nikipata abiria watatu wa mnadani wanataka kufika na mbuzi wao, nikatae? Nikikataa, jioni utaniuliza pesa iko wapi. Nikikubali, injini inachemka. Mnasema vijana tunaua pikipiki. Tunaziua tukiwa tunakimbiza hesabu, yeyo. Na oili ya kilometa 500 anainunua nani? Mkataba unasema servisi ni ya dereva. Siku ya kumi sijapata hata ya kula, niinunue oili ya kumwaga iliyo bado safi machoni pa watu?

(Hakuna aliyejibu mara moja.)

MWALIMU: Tupige hesabu. Kilometa 490 kwa pikipiki inayokwenda 45 kwa lita ni petroli lita 11 hivi. Ongeza oili lita moja na kidogo, na mkono wa fundi. Halafu weka pembeni gharama ya kufungua injini: pistoni mpya, ringi, kuchonga silinda, gasketi, na siku zote ambazo pikipiki imelala gereji bila kuingiza kitu.

MAMA: Na siku hizo zote hesabu siipati.

FUNDI: Huipati.

MAMA: Basi kijana, mimi nitatoa petroli ya kwenda Sale.

Mzee alikuwa na la kuongeza kuhusu vijana na haraka, nimeliacha. Naegemea upande wa dereva, na nataka ieleweke kwamba siegemei kwa huruma. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni, tumekuwa tukiandika mikataba ya hesabu kana kwamba chombo kinazaliwa kikiwa kimekomaa. Kila mjuzi wa injini anayezungumza na wamiliki huwaambia namna ya kupanda: spidi hii, gia ile. Ushauri huo ni sahihi na hauna kazi, kwa sababu anayeusikia ni mwenye pesa, na anayeshika moto ana deni la jioni. Hakuna kijana atakayeilinda ringi ya mtu mwingine kwa tumbo lake mwenyewe.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wenye pikipiki, wa Wasso, wa Loliondo, wa Karatu, na popote mkataba wa hesabu unapoandikwa. Ukinunua, lipa Fuso. Mwite fundi aifunge mbele yako na umwonyeshe ule mpira wa kabureta. Kisha kabla ya kutia saini, ongeza sharti moja kwenye karatasi: hesabu itaanza siku oili ya kwanza inapomwagwa, na oili hiyo unainunua wewe.